Ngoma hailiwi, sawa, ila tuulizane inafanya nini

Juzi pale kijiweni Mwanga, hapa Kigoma, ubishi ulikolea mpaka kahawa zikapoa. Jamaa mmoja ana ndugu yake anafanya kazi huko Kasulu, akaleta stori kwamba kuna hela imetengwa kununua ngoma na kushona sare za kikundi cha wapigangoma kwenye kambi ya wakimbizi. Mzee mmoja dereva wa malori wa zamani akawaka hapohapo, "watu mgao wa chakula unakatwa nyie mnawapelekea ngoma, kwani ngoma inaliwa?" Tukacheka. Kijana aliyekaa pembeni akamwambia mzee wangu mbona hata kilio hakiliwi lakini msiba ukitokea wewe wa kwanza kwenda kulala matanga. Mzee akanyamaza kidogo, alafu akasema hiyo ni tofauti. Mi nikarudi nyumbani nayo hiyo "tofauti" yake kichwani, maana naona wote wawili wana pointi ila kila mmoja anajibu swali lake.

Sisi wa mwisho wa reli hizi habari hatuzisomi magazetini tu. Warundi waliingia 1972, wakaingia tena 1993, Wakongo wakafunguliwa kambi ya Nyarugusu 1996 na ipo mpaka leo. Alafu Mei 2015 ikaja ile ya Kagunga, kijiji kidogo kimebanwa kati ya mlima na ziwa, barabara ya maana hakuna, kikapokea Warundi maelfu kwa maelfu, kipindupindu kikapiga, meli ya MV Liemba ikawa inaenda kuwabeba na kuwashusha Kigoma mjini wakasubiri uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambini. Nakumbuka kupita karibu na uwanja ule jioni nikasikia watu wanaimba nyimbo za kanisani kwa Kirundi, sauti nyingi zimepangika vizuri kabisa utadhani wamefanya mazoezi mwezi mzima, na wale ni watu wameshuka kwenye meli asubuhi. Hakuna shirika lililowaambia waimbe. Hiyo picha ndo inanifanya nisikubaliane na dereva moja kwa moja.

Na wazee wetu hawakuhitaji semina kulijua hili. Neno lenyewe ngoma kwa Kiswahili ni kile chombo, ni ule mchezo, na ni ile tiba pia, mtu akiumwa ugonjwa usioeleweka anachezewa ngoma. Huku Uha na kule Unyamwezi kuna uswezi, na mgonjwa hatibiwi peke yake chumbani, ndugu wanaitwa na watu wanakesha. Ukiamini mizimu au usiamini (mi siamini sana, mke wangu ndo usimguse hapo) ule utaratibu una akili yake: aliyeumia anarudishwa katikati ya watu, na watu wanalazimika kuja.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Tabora. Makazi ya Ulyankulu yalianzishwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, watu walikatiwa mashamba porini barabara baada ya barabara. Kutoka hukohuko ikatokea kwaya ya Barabara ya 13, waliokua enzi za kaseti wanaijua, ilipigwa kwenye mabasi mpaka kwenye harusi na watu wanaimba nayo bila hata kujiuliza Ulyankulu ni wapi. Serikali ilikuja kuwapa uraia Warundi wa 1972 kama 162,000 hivi mwaka 2014, yaani miaka 40 na ushee tangu waje. Ukiniuliza mimi, masikioni mwa watu kwaya ilishapata uraia kitambo. Haikusimama kuelezea vita, iliimba dini kwa Kiswahili basi, na watu wakaizoea kama ya kwao.

Sasa upande wa pili, na hapa naomba tusikimbie maana wapenzi wa sanaa huwa tunaparuka.

Kwanza kuna hii imani kwamba ukimwaga yaliyo moyoni mbele za watu unapona. Sierra Leone baada ya vita vyao vya 1991 mpaka 2002 ilifanyika kazi ya kuwakutanisha wahanga na watesi vijijini, jioni watu wanazunguka moto, huyu anasimulia alichofanyiwa, yule anakiri na kuomba msamaha hadharani. Watafiti wakafuatilia jamii 200, nusu zimefanyiwa hiyo shughuli nusu bado, majibu yakatoka 2016. Kusamehe kuliongezeka, urafiki uliongezeka, watu wakajitolea zaidi kwa mambo ya kijiji. Lakini watu haohao sonona iliongezeka, hofu iliongezeka, kiwewe kiliongezeka, na hali iliendelea hivyo hata walipopimwa mara ya mwisho miezi 31 baadae. Soma tena hapo. Kijiji kilipata nafuu na mtu mmojammoja akatoneshwa. Haikuwa sanaa kwa maana ya ngoma na maigizo, ila michezo mingi ya kuigiza inayoletwa kambini imejengwa juu ya wazo hilohilo, mama simama utuigizie ilivyokuwa siku ile, na akimaliza anapigiwa makofi anarudi kulala peke yake kwenye hema na ile siku yake.

Pili, kusimulia kunaweza kugandisha kidonda badala ya kukifunga. Mtafiti Liisa Malkki alikaa na wakimbizi wa 1972 mwaka 1985 na 1986, wengine wako makazi ya Mishamo na wengine wamejichanganya hapahapa Kigoma mjini. Alichokikuta ni kwamba wale wa Mishamo walikuwa na simulizi moja ndefu ya mateso yao, inarudiwa na kurudiwa, sisi Wahutu na wao Watutsi, imekuwa kama msahafu. Wa mjini wao walikuwa wameshaoa huku, wanafanya biashara, ukimuuliza ni nani anakupa jibu kulingana na nani anauliza. Nani amepona kati ya hao? Mi siwezi kuwabeza wa Mishamo kwa kukataa kusahau, ndugu zao waliuawa. Ila mtu akiniambia simulizi ya pamoja siku zote ni dawa nitamwambia inategemea inasimulia nini.

Na tusisahau kwamba sanaa yenyewe haina dini. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki mkubwa Rwanda, nyimbo zake zikapigwa sana redioni kipindi cha chuki, na mahakama ya kimataifa ya pale Arusha ikamfunga miaka 15 mwaka 2008 kwa kuchochea mauaji ya kimbari, ingawa kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatoa kwenye kipaza sauti barabarani mwaka 1994 na sio nyimbo zenyewe. Kinachokusanya watu wakalia pamoja kinaweza kuwakusanya wakachinja pamoja.

Haya, Rwanda hiyohiyo kuna kitu kinanirudisha upande wa wapigangoma. Mwaka 2004 ulianza mchezo wa redio unaitwa Musekeweya, unahusu vijiji viwili vinavyochukiana. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck akawafuatilia wasikilizaji kwa mwaka mmoja, akakuta imani zao za moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni namna wanavyoona watu wengine wanategemea nini kwao, na namna wanavyofanya. Mwisho wa utafiti vikundi viliachiwa redio na kanda, wale waliosikiliza Musekeweya wakakubaliana kuitunza wenyewe kwa zamu, wale waliosikilizishwa mchezo mwingine ili kulinganisha wakawa na tabia ya kusema apewe kiongozi akae nayo. Unaweza kuona ni kadogo lakini kwangu ni kakubwa, kumwamini jirani na redio ya wote! Na Butare kuna kikundi cha wanawake Ingoma Nshya, walianza kupiga ngoma ambazo zamani mwanamke hakuruhusiwa kuzigusa, ndani yake kuna wajane wa mauaji ya kimbari na kuna wake za waliofungwa kwa mauaji hayo, wanashika fimbo pamoja. Wala hawasimulii 1994 stejini, wanapiga ngoma, na baadae wakafungua na duka la aiskrimu. Wakati huo Burundi mwaka 2017 ilitoka amri ngoma zao zile za kifalme, ambazo UNESCO ilizitambua 2014, wanawake wasizipige. Ngoma ileile, huku inafungua mlango, kule inafunga.

Kwa hiyo mi nasimama hapa: ngoma inatengeneza kilichovunjika kati ya watu, jeraha la ndani ya mtu ni kazi nyingine, linataka mshauri wa kueleweka na dawa ikibidi, na tumbo linataka unga. Ukiipima ngoma kwa kazi ambayo sio yake utaiona ya kijinga kama alivyoiona dereva. Ukiipa sifa zote nayo unaanza kudanganya, unapiga picha tarehe 20 Juni siku ya wakimbizi, wageni wamevaa vitenge wanacheza dakika mbili, ripoti inaandikwa wamepona, na mkimbizi hata ruhusa ya kutoka kambini kwenda sokoni hana. Hapo namuunga mkono mzee kabisa. Ngoma ya wageni na ngoma ya wenyewe hazifanani hata mlio, ile ya wenyewe inapigwa Jumanne tu jioni, hakuna kamera, mtu anakosea na watu wanamcheka.

Nilipomwelezea yote haya wiki iliyofuata, dereva alinisikiliza mpaka mwisho, ambayo si kawaida yake. Akaniuliza kitu kimoja tu. Ile ngozi ya ng'ombe ikichanika na mradi umeshaisha, nani anaibadilisha? Nikamwambia inategemea kama ngoma ni ya kikundi au ya mradi. Akasema basi nenda kaulize hilo kwanza, akalipa kahawa yake na yangu akaondoka.