Siku Tatu Kabla ya Intavyuu: Anza na Majedwali Mawili

Tangazo la kazi ya karani katika ofisi ya kupitisha mizigo hapa Mombasa likitaja Microsoft Access, programu ya kutunza hifadhidata (taarifa zilizopangwa katika majedwali), wengi hukimbilia saiba kutazama video za kupamba fomu. Naona huko ni kupoteza siku. Ukiwa na siku tatu, achana na rangi na vitufe. Shika majedwali, uhusiano wake, na namna ya kuiuliza hifadhidata maswali, maana hapo ndipo anayejua hujulikana.

Siku ya kwanza tengeneza majedwali mawili tu, Wateja na Kontena. Wateja lipe ufunguo msingi, yaani safu inayomtofautisha kila mteja, wa namba inayojihesabu yenyewe (AutoNumber). Simu iweke kama maandishi. Ukiichagulia aina ya namba, ile sifuri ya mbele itapotea. Nambari ya kontena pia ni maandishi, herufi 4 na tarakimu 7, basi punguza urefu wa safu kutoka 255 hadi 11 ili anayezidisha tarakimu azuiwe palepale.

Sasa uhusiano, na hapa usiwe na haraka. Kwenye Kontena usiandike jina la mteja, andika namba yake. Mteja mmoja akiandikwa kwa tahajia tatu, ripoti itamhesabu kuwa watu watatu. Safu hiyo iwe namba ya kawaida, isijihesabu; wanafunzi wengi hukwama hapo. Kwenye dirisha la Relationships, vuta namba ya mteja kutoka Wateja hadi Kontena, kisha tia tiki kisanduku cha kwanza kwenye dirisha linalofunguka, kile kinachozuia kontena kuandikiwa mteja asiyekuwepo. Programu ikikataa, ama jedwali mojawapo liko wazi, ama tayari kuna kontena lenye mteja asiyekuwepo. Ndiyo maana uhusiano hujengwa kabla ya kuingiza data.

Siku ya pili ni ya maswali (query). Kwenye gridi ya kuundia swali, masharti yaliyo mstari mmoja lazima yatimie yote; ukishusha moja mstari wa chini, linatosha lolote. Kontena ambazo hazijatoka bandarini utazipata kwa kuandika Is Null, yaani pako tupu, chini ya tarehe ya kutoka. Ukiandika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kwa mkono, jihadhari na tarehe: #04/03/2025# husomwa Kimarekani, Aprili 3, wala si Machi 4. Andika #2025-03-04#, utata uishe.

Fomu na ripoti zitengeneze siku ya tatu kwa msaidizi wa programu yenyewe (Wizard). Ni kazi ya dakika chache. Muda uliobaki, anza faili jipya na urudie yote bila video. Access haipo kwa Mac. Asiye nayo atumie LibreOffice Base, ni ya bure na misingi ni ileile.

Ukiulizwa umeitumia kwa muda gani, sema kweli, kisha eleza ulichojenga. Faili ukienda nalo kwenye flashi, linakili kwanza kwenye kompyuta yao ndipo ulifungue, kwani flashi ikichomolewa mapema faili huweza kuharibika.