Kahawa ni ya baraza, chai ni ya mvua

Upepo wa kusi ukishaanza kuvuma na masika kushika Lamu, hasa mwezi wa Mei, mji huu hujigeuza nje ndani. Mabaraza yanalowa. Wazee waliozoea kukaa Mkunguni mbele ya ngome, wakipitishiana vikombe vya kahawa chungu na kubishana siasa hadi adhana ya Magharibi, hawana pa kuketi. Muuza kahawa naye anabeba dele lake, birika la kahawa, na kwenda zake. Basi wanaume hurudi nyumbani saa ambazo hawakuzoea kuwa nyumbani, wakakaa msanani, ukumbi unaotazama ua, wakiangalia maji yakimwagika kiwandani, ndio huo ua wa ndani ya nyumba, na kwa mara ya kwanza tangu msimu wa kaskazi utasikia mmoja akiuliza, "Kwani hapana chai?"

Chai ipo. Shida ni nani atapanda kuipika. Nyumba zetu za kale zina kidari cha meko, jikoni iliyowekwa juu kabisa chini ya paa la makuti, ili moshi usisumbue watu wa chini. Siku ya mvua ngazi zinateleza na makuti yanapigwa mpaka humsikii anayekuita. Kwetu mimi ndiye hupanda, na sinung'uniki hata kidogo. Hakuna mahali pazuri pa kuwa peke yako mwezi wa Mei.

Sasa nina neno na nyinyi wa masala ya kopo. Mnachota kijiko kimoja cha unga, mnatia na majani na maziwa kwa pamoja, mnachemsha mpaka yafurike, kisha mnasema mmepika chai ya viungo. Viungo vina zamu. Tangawizi na mdalasini ni wazito, wanataka maji na moto wa kutosha. Mimi huponda tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba, natia na gome la mdalasini (gome, si unga, unga huacha utelezi kwenye kikombe), nayaacha maji yachemke pole pole hadi yawe na rangi ya asali nyepesi. Karafuu ni mbili kwa birika zima. Karafuu ni jeuri. Ukitia tano unakunywa dawa ya jino. Pilipili manga, punje tatu nne, ni ya siku za mvua peke yake, maana kazi yake ni kuwasha koo na kifua.

Majani yanakuja nyuma, na hayakai. Dakika mbili tatu zinatosha, yakizidi hapo yanatoa ukakasi ambao sukari haiufichi. Iliki ndiyo ya mwisho. Naipasua kinuni wakati ule ule, pigo mbili za mchi, ganda na mbegu, naitia birika likiwa limeshateremshwa, nafunika. Harufu ya iliki imo kwenye mafuta yake, na mafuta hayo ni mepesi: moto unayarusha, hewa nayo inayala. Ndiyo maana ule unga uliokaa koponi tangu Ramadhani unabaki na rangi tu.

Maziwa? Asubuhi na mahamri, sawa, sikatai. Lakini jioni ya mvua mimi ni mtu wa chai ya rangi, kwa sababu maziwa huvizima viungo vyote nilivyovipandia ngazi.

Wako wanaosema chai ya viungo ni ya mababu zetu. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Iliki na mdalasini zilikuwa zikishuka hapa na majahazi ya kaskazi kutoka Bara Hindi tangu zamani sana. Majani ndiyo mgeni. Kenya yalipandwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, kwenye baridi ya bara, na hata leo tunayaletewa kutoka huko na Kericho. Pwani tulichofanya ni kumpokea mgeni na kumvisha nguo zetu. Wala sioni aibu kusema hivyo.

Aibu niliiona kwenye hoteli moja ya ufukweni, huku huku kwetu, nilikojificha mvua. Niliagiza chai ya Kiswahili, ndivyo ilivyoandikwa. Nikaletewa kikombe cha maji ya moto, mfuko wa majani wenye uzi ukining'inia, na pembeni kisahani cha unga wa mdalasini ninyunyize mwenyewe. Kijana aliyeniletea ni wa Langoni, mtaa wa hapa hapa Lamu, alitazama kando. Nilikunywa, nikalipa, nikatoka kwenye mvua.

Ijumaa iliyopita ami yangu, mtu wa kahawa tangu nimjue, aliingia kwetu kikoi kimemganda miguuni, akakaa msanani bila kuuliza. Nikamtilia. Kikombe cha kwanza alikinywa kimya akiangalia kiwanda kinavyojaa maji, akanirudishia.

"Hukutia pilipili manga."

Kweli, nilisahau. Nikamwambia mvua bado, ami, nitatia kwenye birika la pili. Akavua kofia, akaikamua, akaiweka juu ya goti ikauke.