Malkia, Jack na mnyama: uzalendo na woga katika Lord of the Flies

Wasomaji wengi wa Lord of the Flies, riwaya ya William Golding ya mwaka 1954, huona kwamba wale wavulana wa Kiingereza ambao ndege yao ilianguka kisiwani waliponzwa na woga. Uzalendo wao ulikuwa safi, wanasema, ila ulizidiwa nguvu. Sikubaliani nao, na sababu yangu iko katika sura ya pili.

Katika sura hiyo mtoto wa miaka kama sita, mwenye alama kubwa usoni, anauliza kuhusu kitu kama nyoka alichokiona gizani. Ralph, mvulana waliyemchagua kuwa kiongozi, anakana kabisa kwamba kuna mnyama, kisha anawatuliza wote: baba yake ni mwanamaji, naye amemwambia kuwa Malkia ana chumba kikubwa chenye ramani za visiwa vyote duniani, kwa hiyo na hiki kimo. Watoto wanashangilia. Hapo uzalendo umefanya kazi yake, tuutendee haki. Waliokuwa wakitetemeka wanakumbuka kuna nchi inayowatafuta, na wanapata moyo wa kupanda mlima kuwasha moto.

Huko huko mlimani Jack, mkuu wa wawindaji na mpinzani wa Ralph, anadai kuwe na sheria, kwa hoja kwamba wao si washenzi, ni Waingereza, na Waingereza ni hodari kuliko wote kwa kila jambo. Muda si mrefu moto unawaponyoka na kuteketeza msitu. Yule mtoto mwenye alama haonekani tena. Piggy, rafiki wa Ralph, ndiye anayeuliza yuko wapi, na hakuna wa kumjibu, maana hata orodha ya majina haipo.

Fahari ya Jack ilijua ubora wa Waingereza wote, lakini haikujua watoto waliopo ni wangapi. Na ni Jack huyo huyo ambaye baadaye anaufanya woga mtaji wake. Baada ya Simon, mmoja wa wavulana, kuuawa na wenzake waliomdhania kuwa mnyama, anawaambia wafuasi wake kwamba mnyama alikuja amejibadilisha sura na anaweza kurudi, kwa hiyo wakae macho. Fahari mwanzoni, hofu baadaye: zote mbili zinampa kundi lisilohoji.

Wapo watakaojibu kwamba Jack hakuwavuta wenzake kwa jina la Uingereza. Aliwavuta kwa nyama na ahadi ya ulinzi, wakati ambapo nchi yao haitajwi tena. Kwa maana hiyo waliharibika kwa kuisahau nchi. Hoja hii ina uzito, na namkumbuka Percival, mtoto mdogo anayekariri jina lake, anwani ya kwao na neno simu kama dua. Mwisho wa riwaya, mbele ya afisa wa meli iliyokuja kuwaokoa, vyote vimemtoka kichwani. Lakini tuangalie alichopoteza: nyumbani kwao na watu wanaomjua kwa jina. Nchi ya namna hiyo Jack hakuwahi kuitetea, na hata afisa, anaposikitika kwamba wavulana wa Kiingereza walitakiwa kufanya vizuri zaidi, haizungumzii.

Ndiyo maana siafiki wanaoiita riwaya hii kitabu cha mtu aliyeichukia nchi yake. Golding alipigana katika jeshi la wanamaji la Uingereza, alikuwepo Normandy, Ufaransa, mwaka 1944, kisha akarudi Salisbury, Uingereza, kufundisha wavulana wa umri ule ule wa Ralph na Jack.