Kilichotokea Saa Mbili na Robo Asubuhi

Kwa miaka sita nilikuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Mombasa, upande wa Shimanzi, na katika miaka yote hiyo asubuhi ninayoikumbuka zaidi ni moja. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha, matatu zilikuwa chache, na umati kivukoni Likoni ulikuwa umefurika hadi barabarani. Nilipofika ofisini ilikuwa saa mbili na robo. Meneja hakuniuliza kitu. Aliwageukia wateja wawili waliokuwa wakisubiri hati zao, akawaambia, “Huyu ndiye karani wetu, saa yake inafuata majira ya Likoni.” Wateja walicheka. Nami nilicheka nao, kwa kuwa sikujua niuweke wapi uso wangu.

Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, nami nilikuwa nimeziandika maelfu ya mara bila tabu. Siku hiyo nilizikosea mara mbili kabla ya adhuhuri. Mchana mwenzangu aliniomba nimsaidie kupanga ankara zake, nikamwambia nina shughuli, ilhali sikuwa na shughuli yoyote.

Mwaka 1996 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Howard Weiss na Russell Cropanzano, walieleza jambo hili kwa nadharia inayoweka matukio ya kazini katikati ya hisia za mfanyakazi. Kwa maelezo yao, mazingira ya kazi, kama vile muundo wa ofisi na aina ya majukumu, hufanya matukio fulani yawe rahisi kutokea. Matukio hayo huamsha furaha, hasira, aibu au hofu. Na hisia hizo, zikichanganyika na tabia ya mtu mwenyewe, huingia katika utendaji wake na katika mtazamo wake juu ya kazi. Walitenganisha pia mambo mawili ambayo wakubwa wengi huyachanganya. Kuna matendo yanayotoka moja kwa moja katika hisia za saa ile, mfano kumnyima mwenzako msaada, na kuna matendo yanayotokana na hukumu iliyopimwa polepole juu ya kazi nzima, mfano kuandika barua ya kuacha kazi. Meneja asiyeona barua mezani hudhani kwamba nyumba imetulia, kumbe hasara ya aina ya kwanza imekwisha kumfikia siku nyingi.

Najua nitaambiwa kwamba nilikuwa na hasira za karibu. Ni kweli kwamba watu hawafanani, na mwenzangu mmoja pale ofisini angeupokea mzaha ule kwa kicheko cha dhati. Hata hivyo, mzaha wa mtu anayetia saini mshahara wako, unaosemwa mbele ya wageni, haupimwi kwa mizani ya mzaha wa rafiki barazani.

Wala sidharau mshahara. Mji huu ulikwisha kuyasema hayo Januari 1947, pale wafanyakazi wapatao 15,000 walipogoma wakidai ujira wa kuwatosha, na sidhani kwamba salamu nzuri za asubuhi zingewarudisha kazini. Lakini mshahara huingia mara moja kwa mwezi, na siku nyingine zote mtu huishi na yale yanayompata mezani pake. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, jambo jema kabisa. Haisemi lolote juu ya namna ya kumpokea aliyechelewa kwa mvua. Na isiseme, maana sitamani kuishi katika nchi yenye sheria ya mizaha.

Upande wa pili wa mambo haya ni mwepesi kuliko wakubwa wanavyodhani. Watafiti Teresa Amabile na Steven Kramer walisoma maandishi ya shajara takriban 12,000 ya wafanyakazi 238, wakaona kwamba siku njema kwa wengi zilikuwa zile ambazo kazi yao ilisonga mbele, hata kwa hatua ndogo. Hilo sikuhitaji kufundishwa. Ofisini petu alikuwepo mzee mmoja wa siku nyingi ambaye jioni alipitia mafaili na kusema, “Mwanangu, leo hati zako zimepita zote, hakuna hata moja iliyorudishwa.” Hakuwa na cheo cha kumpandisha mtu yeyote, lakini jioni za namna hiyo nilivuka feri nikiwaza faili la kesho. Karamu ya biriani tuliyofanyiwa kila Desemba katika hoteli moja ya Nyali haikuwahi kunipa hamu hiyo, ingawa biriani lenyewe, nikiri, lilikuwa zuri.

Niliacha kazi karibu miaka miwili baada ya asubuhi ile, na katika barua nikataja sababu za kifamilia. Meneja aliisoma mara mbili, akanikumbusha kwamba mshahara wangu ulikuwa umeongezwa hivi karibuni, kisha akaniuliza kwa mshangao ambao ninaamini ulikuwa wa kweli, “Dada, kwani sisi tumekukosea nini?” Nikamjibu kwamba hawakunikosea kitu.