Embe la Kaskazi Halitaki Chokoleti ya Ulaya

Huku Uingereza chokoleti ya kuchovya matunda ina kazi yake: kuficha. Embe la dukani limechumwa gumu ili livumilie safari. Stroberi za Desemba zina rangi tu, na tunda hilo haliivi tena likishachumwa. Chokoleti ya maziwa yenye sukari tele inazisaidia. Stroberi za Juni, zilizoivia shambani, ni habari nyingine.

Tatizo ni wenzetu wanaorudi Mombasa likizo na mapishi yaleyale. Kaskazi inavuma, masoko ya Marikiti na Kongowea yamejaa maembe ya ngowe na boribo, halafu tunda lenye utamu wake kamili linazamishwa kwenye sukari nyingine. Kwangu hilo ni kulidhulumu embe. Nyumbani chokoleti iwe chungu kidogo, na iliwe ingali majimaji.

Hewa yenyewe haikubali. Mafuta ya kakao huyeyuka karibu nyuzi 34 na huanza kulegea mapema zaidi, na mchana wa Februari Mombasa hufika 32 au 33. Tunda lililopakwa, ambalo London lingeganda mezani, huko haligandi. Ukilitia friji litaganda, ila likitoka tu kwenye joto lile la unyevu linatota jasho na chokoleti inateleza.

Kwa hiyo tumia kakao ya unga isiyo na sukari, na kasimele, yaani tui zito la kwanza. Watu sita: kakao gramu 50, sukari gramu 60, chumvi chembe, iliki mbili zilizopondwa, kasimele mililita 250. Changanya vikavu kwanza, tia vijiko vinne vya tui vuguvugu, usage kwa mwiko mpaka madonge yaishe. Ukimimina tui lote kwa mkupuo, kakao huelea na madonge hayaondoki tena. Ongeza lililobaki, bandika moto mdogo, koroga bila kuacha dakika tano hadi sita. Likitokota kwa nguvu tui hukatika, mafuta yakajitenga. Epua kabla haijafikia uzito unaoutaka, maana ikipoa huzidi kuwa nzito.

Anayeng'ang'ania chokoleti ya kipande aikatekate, aimwagie krimu ya moto ya uzito uleule, asubiri dakika mbili ndipo akoroge. Chokoleti iliyoyeyushwa peke yake ikiingiwa na tone la maji hukakamaa ikawa chengachenga. Dawa ni krimu ya moto, kijiko baada ya kijiko. Kuzidisha moto ni kuiunguza.

Ngowe linafaa kuliko yote, halina nyuzi. Nanasi la Malindi, ndizi na fenesi pia. Papai liachiwe ndimu yake. Tikiti maji usijaribu, lina maji mno, chokoleti haishiki. Vipande vifutwe kwa kitambaa kikavu, vichomekwe vijiti vya mishikaki, na vikatwe dakika za mwisho. Tena, jamani, si kwenye kibao kilichokatiwa kitunguu thomu.

Chokoleti ikibaki, friji siku mbili yatosha. Itakuwa ngumu kwa mafuta ya nazi. Ipashe taratibu juu ya maji ya moto. Kwa mahamri ya asubuhi ni tamu sana, ingawa najua wapo watakaosema mahamri ni ya mbaazi tu.