Sare Inatosha? Hesabu za Besti Luza Zinapotawala Kijiwe

Raundi ya tatu ya makundi ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ikifika, kijiwe cha mashabiki hugeuka ofisi ya uhasibu. Huyu anasema sare inatosha. Yule anasema haitoshi mpaka Angola afungwe, na hana habari kwamba Angola alishamaliza mechi zake jana. Kwenye grupu la WhatsApp inazunguka skrinishoti ya msimamo yenye umri wa siku mbili, na watu wanaibishania kana kwamba CAF, shirikisho la soka la Afrika, wameitoa dakika hii. Na hakosekani mtu wa kufunga mjadala: "Timu ya kupigiwa hesabu ni timu mbovu. Ishinde, basi."

Kauli hiyo ya mwisho ina wafuasi wengi, na si watu wasiojua mpira. Hoja yao ni kwamba hesabu za besti luza, yaani kuvuka makundi kwa mlango wa nafasi ya tatu, zinamzoesha shabiki kuridhika na kidogo, kisha zinaizoesha timu. Upande wa pili unajibu kwamba mashindano yametungwa hivyo, na asiyehesabu ndiye asiyejua anachotazama.

Kwanza utaratibu wenyewe, maana nusu ya ubishi unatokana na kutoujua. Tangu 2019 AFCON ina timu 24 katika makundi 6. Wawili wa juu wa kila kundi wanapita, jumla 12, na nafasi 4 zinazobaki zinagombewa na washika nafasi ya tatu sita. Hao sita hupangwa kwa pointi. Zikilingana, tofauti ya mabao. Nayo ikilingana, idadi ya mabao ya kufunga. Vyote vikilingana, kura. Kura si kitisho cha kwenye karatasi tu. Mwaka 2015 huko Equatorial Guinea, Guinea na Mali zilitoka sare ya 1-1 katika kila mechi ya kundi lao, na mshindi wa pili akapatikana kwa kura. Guinea ikaenda robo fainali, Mali ikarudi nyumbani.

Ndani ya kundi hali ni nyingine. Hapo CAF huanza na matokeo ya timu zilizolingana pointi zilipokutana zenyewe, ndipo waende kwenye tofauti ya mabao. Shabiki aliyekulia kwenye Ligi Kuu ya Uingereza huanza na tofauti ya mabao moja kwa moja, na hapo ndipo anapopotea. Kanuni ni mbili, moja ya ndani ya kundi na nyingine ya kulinganisha wa tatu wa makundi tofauti, ambao hawajakutana kabisa. Anayezichanganya atatoa jibu lisilo sahihi kwa sauti kubwa, na kijiweni sauti kubwa ina uzito wake.

Sasa tuichukue siku moja tuitazame kwa karibu: 30 Desemba 2025, Morocco, Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, dhidi ya Tunisia. Stars ilikuwa na pointi 1, imefunga mabao 2 na kufungwa 3: ilipoteza 2-1 kwa Nigeria, ikatoka 1-1 na Uganda. Makundi A na B yalikuwa yamemalizika siku iliyotangulia. Wa tatu wa kundi A, Comoro, alikuwa na pointi 2 bila bao hata moja, amefungwa 2. Wa tatu wa kundi B, Angola, alikuwa na pointi 2, amefunga 2, amefungwa 3. Kwenye makundi mengine Benin, Sudan na Msumbiji kila mmoja tayari alikuwa na pointi 3. Kwa hiyo kiti kilichobaki kilikuwa kimoja, na rekodi ya kuipita ili kukipata ilikuwa ya Angola.

Kijiwe kizima kilikuwa kinaimba "sare inatosha". Tuikokotoe. Sare ya 0-0 ingeipa Stars pointi 2, mabao 2 ya kufunga, 3 ya kufungwa. Hiyo ni rekodi ya Angola herufi kwa herufi: pointi sawa, tofauti ya mabao sawa ya hasi moja, mabao ya kufunga sawa. Kinachofuata ni kura. Sare ya 1-1 au zaidi ndiyo ilikuwa inatosha kweli, kwa sababu tofauti inabaki ileile ya hasi moja lakini mabao ya kufunga yanapanda hadi 3. Waliosema sare yoyote itawavusha walikuwa wamekosea, na tofauti kati ya kauli yao na ukweli ilikuwa kubwa, si ya punje.

Tunisia ilifunga kwa penalti kabla ya mapumziko. Feisal Salum, yaani Fei Toto, akasawazisha mapema kipindi cha pili, na mechi ikaisha 1-1. (Ubishi wa kama bao la Fei Toto ni la Azam anakocheza au la Yanga alikotoka ulianza kabla mwamuzi hajapuliza filimbi ya mwisho, huo hauna kanuni ya kuumaliza.) Stars ikaingia 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yake, bila kushinda mechi, kwa tofauti ya bao moja la kufunga.

Lakini bao lililoibeba Stars halikuwa la Feisal peke yake. Rudi kwenye mechi ya Nigeria, ambayo vijiwe vingi viliifuta kama mechi iliyopotea. Charles M'Mombwa alifunga mwanzoni mwa kipindi cha pili, Nigeria ikarudi mbele dakika chache baadaye, mechi ikaisha 2-1. Bao lile halikuleta hata pointi moja. Liondoe, mechi iwe 2-0: Stars inamaliza na mabao 2 ya kufunga na 4 ya kufungwa, hasi mbili, na Angola ndiye anayepita. Hapa ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili. Kosa la mazungumzo ya mashabiki si kwamba yanahesabu. Ni kwamba yanahesabu pointi tu na kuyapuuza mabao ya kwenye mechi za kupoteza, ilhali kwa timu ndogo hayo ndiyo yanayolipa mwishoni. Timu iliyo nyuma 2-0 dakika ya 85 haina mechi iliyokwisha, na shabiki anayezima televisheni hapo anaacha sehemu ya mashindano.

Wanaopinga hesabu hupenda kuleta mechi ya Zambia ya Januari 2024 huko San-Pédro. Simon Msuva aliifungia Stars dakika ya 11, Zambia ikabaki na watu 10 kabla ya mapumziko, na Stars ikasawazishiwa na Patson Daka dakika ya 88. Ushindi ule, pamoja na sare ya 0-0 na DRC iliyofuata, ungeleta pointi 4 na nafasi ya pili ya kundi, juu ya DRC yenye 3. Badala yake Stars ilimaliza na pointi 2, mkiani. Zambia nayo ilikuwa na 2, zilipokutana walitoka sare, hivyo tofauti ya mabao ikaamua: Zambia hasi moja, Stars hasi tatu, kwa sababu ya yale mabao matatu iliyofungwa na Morocco mechi ya kwanza.

Ni mfano mzito, ila hauthibitishi wanachotaka kuthibitisha. Siku ile Stars haikuwa inatafuta sare, ilikuwa inalinda ushindi. Kurudi nyuma ukiwa mbele dhidi ya watu 10 ni tatizo la ukocha na la pumzi. Halikuletwa na kikokotoo cha mtu aliyeko Kariakoo.

Ushahidi wao bora zaidi uko kwingine, na sijui kwa nini hawautumii. Kombe la Dunia 2018, mechi za mwisho za kundi H: Japan inafungwa 1-0 na Poland, Senegal inafungwa 1-0 na Colombia. Japan na Senegal zinalingana pointi, tofauti ya mabao, mabao ya kufunga, na zilipokutana zilitoka 2-2. Kilichobaki kilikuwa kadi za njano: Japan 4, Senegal 6. Japan ikaanza kupasiana nyuma kwenye nusu yake ya uwanja, ikikubali kufungwa, huku uwanja ukizomea. Bao moja tu la Senegal kwenye uwanja mwingine lingewatoa. Japan ilivuka, lakini iliweka hatima yake kwenye miguu ya watu wengine. Hiyo ndiyo gharama halisi ya hesabu zikishuka kutoka jukwaani hadi benchi.

Upande wa pili una orodha ndefu, na inaumiza kuibishia. Ureno ilitoka sare mechi zote tatu za makundi ya Euro 2016, ikapita ikiwa ya tatu, ikachukua kombe. Benin 2019 ilipata sare tatu, ikaitoa Morocco kwa penalti, ikafika robo fainali. Ivory Coast, wenyeji wa mashindano yaliyochezwa 2024, walipigwa 4-0 na Equatorial Guinea, wakamfukuza kocha, na wakabaki kuiombea Morocco isiipe Zambia hata sare. Morocco ilishinda 1-0. Ivory Coast ikapita kama wa tatu wa mwisho, na Februari 11 ikaifunga Nigeria 2-1 kwenye fainali. Aliyesema timu ya kupigiwa hesabu ni mbovu angekuwa ameshafunga kijiwe siku ya 4-0.

Hata hivyo tusipitilize. Kuna namba moja inayozunguka kila mashindano, kwamba pointi 3 zinatosha. Waulize Wakenya. Mwaka 2019 Harambee Stars iliifunga Tanzania 3-2, wakapata pointi zao 3 na haki ya kututania hadi leo. Dhidi ya Senegal walikuwa 0-0 mapumziko, kipa wao Patrick Matasi akiwa ameokoa penalti ya Sadio Mané, na kwa dakika zile walikuwa na pointi 4 mkononi. Kisha wakafungwa matatu. Wakalala na pointi 3 na hasi nne, wakiomba Benin ifungwe na Cameroon kesho yake. Benin ikatoka 0-0, nayo ikafikisha 3 bila hasi. Kenya nje. Mwaka huohuo Afrika Kusini ilipita kwa pointi 3 na hasi moja tu. Kwa upande wa pili wa mzani, pointi 2 za Tanzania zilitosha 2025, jambo ambalo halikuwa limetokea katika mashindano matatu yaliyotangulia ya timu 24. Hakuna namba ya kudumu. Kizingiti hupangwa na makundi mengine.

Kwa anayetaka kuhesabu bila kujiaibisha: usianze kabla ya mechi ya pili kuisha, kabla ya hapo ni porojo. Tengeneza msimamo wa wa tatu peke yao, na kando ya kila timu andika imecheza mechi ngapi, maana skrinishoti nyingi zinachanganya wenye mechi 2 na wenye 3. Kisha angalia makundi gani yanamaliza lini. Stars ilicheza ikijua rekodi ya Angola hadi bao la mwisho; Angola ilipocheza na Misri haikuwa na anasa hiyo. Mechi za mwisho za kundi moja huchezwa muda mmoja ili kuzuia upangaji, lakini wa tatu wanashindana nje ya kundi, na hapo kinga hiyo haifanyi kazi. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo lalamiko halali kuliko yote dhidi ya mfumo huu, na linawahusu waandaaji kuliko mashabiki.

Kombe la Dunia 2026 limeupanua mchezo huu: makundi 12, na wa tatu 8 kati ya 12 wanaingia 32 bora. Baada ya pointi, tofauti na mabao ya kufunga, FIFA wanahesabu nidhamu kabla ya kwenda kwenye orodha yao ya ubora: njano inakata pointi 1, nyekundu ya njano mbili 3, nyekundu ya moja kwa moja 4. Mtu wa skrinishoti itabidi aongeze safu ya kadi.