Mimi si wa Simba wala wa Yanga
Kila ninapokutana na mtu nisiyemjua hapa Dar es Salaam, kabla hata hatujafahamiana vizuri, huniuliza kama mimi ni Simba au Yanga, na ninapojibu kwamba sipendi mpira hunitazama kana kwamba nimewakana wazazi wangu. Ninajua kwamba Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na ninaiheshimu historia hiyo, ambayo ni ndefu kuliko umri wa taifa lenyewe. Kinachonikera ni kulazimishwa kuchagua. Siku ya watani wa jadi, redio ya daladala hufunguliwa kwa sauti ya juu kabisa, kazini hakuna anayezungumza jambo jingine, na jioni nikiwaomba ndugu zangu tuzungumzie mambo ya nyumbani, huniambia kwamba ninajifanya. Sijifanyi. Nimeujaribu mpira kwa moyo mweupe, nimekwenda mpaka Uwanja wa Benjamin Mkapa nikakaa dakika zote 90, na sikuona raha yoyote. Naomba niulizwe jambo jingine: ninatoka wapi, ninafanya kazi gani, watoto hawajambo?